Shikamoo ya Jaji Saa Tatu

Duka la Kopi na Uchapaji,
Mkabala na lango la Mahakama.
Jumapili, tarehe 14, saa tisa alasiri.

Kaka yangu mpendwa,

Kwanza salamu, ugomvi baadaye. U hali gani huko uliko? Wifi hajambo? Na watoto je, yule mdogo kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima, ukiacha goti la Mama ambalo limeanza tena kulalamika kila akipanda ngazi, na presha yake, ambayo naipima asubuhi na jioni na kuiandika kwenye daftari kama ulivyoniagiza. Leo asubuhi ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe sijambo, ila mabega yananiuma kwa kuinamia mashine, na moyo unaniuma kwa maneno yako ya Jumatano.

Ndiyo, nimeanza. Ulinipigia simu ukaniuliza kama sisi huku tuna akili timamu, na kabla sijafungua mdomo ukakata. Nikapiga, hukupokea. Kisha ukatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita, ambao nimeusikiliza mara mbili na sitausikiliza tena. Kwa hiyo nakuandikia barua, maana barua haikatwi. Na Chiriku wako, kama ulivyonibatiza mwenyewe kwa ajili ya huu mdomo wangu, leo ataongea mpaka amalize.

Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine ndogo iliyobandikwa gundi. Nakuomba usiifungue kwanza. Najua ulivyo, hata zawadi ulikuwa unazichungulia kabla ya siku yake, lakini safari hii vumilia. Soma kwanza.

Nianze kwa kukukumbusha kesi ilipo, maana miaka minne ni mingi na wewe unapata habari vipande vipande. Baba Mdogo anadai kiwanja chenye nyumba yetu ni chake, kwamba alimwazima Baba tu, hakumpa. Sisi tuna karatasi ya makubaliano yenye sahihi yake. Yeye anasema sahihi si yake. Mama anasema alimwona kwa macho yake akiitia pale mezani, kwenye meza ile ile anayolia chakula mpaka leo. Mahakama ikimwamini Mama, atabaki nyumbani kwake. Isipomwamini, mama yetu wa miaka sabini na saba atafunga virago. Hakuna lingine linalonikosesha usingizi.

Unakumbuka pia kwamba jaji wa kwanza alihamishwa na wa pili alistaafu. Kila mara wakili wetu aliomba kesi iendelee pale ilipoishia, na kila mara Baba Mdogo akagoma katakata. Alitaka jaji mpya amsikie shahidi kwa masikio yake. Basi Mama akapandishwa kizimbani mara ya pili, na siku ile ndiyo aliyoanguka ukumbini. Nilimshika mimi. Daktari akatuambia waziwazi kwamba moyo wake hauhitaji mambo ya kusimama na kufokewa siku nzima. Kwa hiyo tulipopewa jaji wa tatu, mimi nilikuwa naomba Mungu kitu kimoja tu: huyu amalize.

Na huyu alikuwa wa kumaliza. Hapa dukani makarani wa mawakili wanamwita Jaji Saa Tatu, kwa sababu ikigonga saa tatu kamili yeye ameshakaa, na wakili anayechelewa anakuta mlango umefungwa. Hapigi soga wala hacheki na mtu. Tangu nianze kuchapa hati za kiapo hapa, mwaka wa kumi na moja huu, sijasikia mtu akinong'ona kwamba faili lake limepita mlango wa nyuma. Nilijisemea, mwanamke, safari hii umepata.

Siku ya Mama kutoa ushahidi mara ya tatu nilifunga duka. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilofunga vizuri. Mama alivaa gauni lake la kijivu na miwani yenye mnyororo. Akatembea polepole na lile goti lake, akapanda vidato viwili vya kizimba, akageuka kumtazama jaji. Jaji alikuwa anaandika. Akainua kichwa. Kaka, yule mtu alinyanyuka kidogo kwenye kiti chake, kama mwanafunzi mwalimu anapoingia darasani, na mdomo ukamtangulia.

"Shikamoo, mwalimu."

Mama naye, bila kufikiri hata nukta moja, kwa ile sauti yake ya kufikia viti vya nyuma: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu."

Halafu ndipo akili zilipomrudia. Ungemwona! Masikio yote mawili yalimwiva. Akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Karani anayeandika mwenendo wa kesi alibaki vidole hewani, hajui kama shikamoo nayo inaandikwa. Wakili wa Baba Mdogo akasimama, akafikiri, akakaa. Jaji akasema shahidi aapishwe, na kazi ikaanza. Kwenye jalada Mama ameandikwa kwa jina la ukoo wa Baba, na shuleni walimjua kwa jina lake la usichana, kwa hiyo naamini jaji hakuwa na habari mpaka alipoiona sura.

Nisikufiche, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajiziba mdomo kwa kanga nisicheke. Nilisema moyoni, yamekwisha, nyumba yetu. Jioni nikakuandikia ujumbe, nawe ukanijibu kwa herufi kubwa kwamba tumeshinda, na ukaniambia nimnunulie Mama viatu vipya. Sote wawili tulicheza ngoma hiyo, usijitoe.

Mama alihojiwa siku mbili. Alijibu vizuri, hakutetereka hata wakili alipompigia meza. Akamaliza. Nilimshika mkono tukitoka, na mkono ulikuwa umetulia kuliko wangu.

Asubuhi iliyofuata, duka limefunguka tu, akaja karani wa wakili wa Baba Mdogo na karatasi nane. Anataka kopi nne za kila moja, haraka. Huyu kijana wa watu hana habari kwamba mimi ni binti wa nani, yeye anajua kopi zangu hazina madoa. Nikaangalia ukurasa wa kwanza: ombi la kumtaka Mheshimiwa Jaji ajitoe kwenye kesi. Kesi yetu.

Nikamwambia mashine imegoma. Taa ya kijani inawaka mbele ya macho yake! Akaitazama taa, akanitazama mimi, akasema, "Dada, mbona naiona nzima?" Sina uso wa kudanganya, ndilo tatizo langu. Nikasema labda imejitengeneza, nikaanza kupiga kopi, na kwa kuwa mashine yangu ni ya polepole, nilisoma yote.

Nilitegemea matusi. Hayakuwemo. Nimelikariri lile fungu, nakuandikia lilivyokuwa: "Mwombaji hasemi kwamba Mheshimiwa Jaji ana upendeleo. Anachosema ni kwamba mtu wa kawaida, mwenye akili zake, asiye na kinyongo na upande wowote, kama angekuwa amekaa ukumbini na kuyasikia yale, angeingiwa na shaka kama haki itatendeka sawa kwa wote wawili."

Kaka! Mtu aliyekaa ukumbini si nilikuwa mimi? Na mimi sikuingiwa na shaka tu. Mimi niliingiwa na uhakika! Nilitoka pale nikijua tumeshinda, kabla Mama hajasema hata neno moja la ushahidi. Sasa kama mimi niliona hivyo, Baba Mdogo aliyekaa benchi la mbele aliona nini? Nilimpa yule karani kopi zake, nikafunga pazia la duka kwa nusu saa, nikakaa juu ya boksi la karatasi. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu wana haki, na nilitaka wasiwe nayo.

Wakili wetu hakushtuka. Unamjua, yule mama mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alinieleza kwamba kumfundisha mtu miaka arobaini iliyopita peke yake hakumwondoi jaji. Mwalimu amefundisha maelfu, na kama kila jaji angekimbia kila aliyewahi kumjua, kesi zingesikilizwa na viti. Linaloangaliwa ni kama kuna kitu cha zaidi, urafiki, wema wa pekee, kinyongo, mazoea ya kutembeleana. Akasema tuweke hati fupi ya kiapo ya Mama, na ombi litakufa. Akaiandika kwa mkono pale pale, mimi nikaichapa. Aya ya tatu ilisema: "Kwamba simkumbuki Mheshimiwa Jaji kuwa mwanafunzi wangu, na hakuna jambo lolote la pekee lililowahi kupita kati yetu." Hakumuuliza Mama kwanza. Alikadiria tu, na mimi nilikadiria naye, kwa sababu lilitufaa.

Nikaipeleka nyumbani asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6. Mama alikuwa mezani na redio yake. Akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu. Ndiyo, bado anayo, ananunua boksi zima kila mwaka, sijui anamsahihisha nani siku hizi. Akaanza. Akaongeza mkato kwenye aya ya kwanza. Kwenye aya ya pili akanizungushia neno "nyumabni" na kunitazama kwa huzuni, eti miaka kumi na moja ya kuchapa. Akafika aya ya tatu. Akaisoma mara mbili, halafu akaiweka kalamu chini.

"Hii siwezi kuapa," akasema. "Namkumbuka."

Sikuwahi kuisikia habari hii, na najua wewe pia hujaisikia. Mwaka ule jaji akiwa darasa la saba, mwalimu mkuu alikata jina la yule mtoto kwenye orodha ya mtihani wa mwisho kwa sababu alikosa shule wiki nyingi. Alikuwa anamuuguza mama yake, hakuwa na mtu mwingine. Mama alimwombea kwa mwalimu mkuu mara mbili, akakataliwa. Siku orodha inapelekwa, Mama akaingia ofisini wakati mkuu yuko nje, akaliandika jina kwa mkono wake mwenyewe, mstari wa arobaini na moja. Akamwambia mtoto, nenda kafanye mtihani na usimwambie mtu. Angegundulika, angefukuzwa kazi. Miaka yote hii amekaa na jambo hilo, hata Baba hakuambiwa.

Unaona ilivyo? Bila ule mstari hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna huyo jaji. Watu wawili tu duniani wanajua, mmoja yuko kizimbani na mwingine yuko kwenye kiti cha kuamua.

Sasa nitakuambia nilichofanya, maana nakulaumu wewe na mimi si msafi. Nilimbembeleza asaini. Nilipiga magoti, Kaka, kwenye sakafu ile ya saruji. Nilimwambia, Mama, huyu akiondoka tunaanza upya, utapanda tena kizimbani, na mimi sitaki kukuzika kwa ajili ya kiwanja. Nikamwambia, nani atajua?

"Mimi nitajua," akasema. "Yeye atajua. Na sasa na wewe unajua. Tumeshakuwa watatu."

Nikanuna. Nikaosha vyombo kwa kelele. Ndipo akaniuliza kama namkumbuka Bwana Nusu. Ningemsahau vipi? Mwalimu wa darasa la B, aliyekuwa haachi kukata nusu alama hata ukipatia, mradi mwandiko umelala. Na ni yeye aliyekuwa anasahihisha madaftari yako na yangu, kwa sababu Mama, kila ilipofika zamu ya sisi kuwa darasani kwake, alikuwa anayatoa kwenye rundo na kuyapeleka ng'ambo ya ukuta.

Najua unakumbuka. Uliikosa nafasi ya kwanza kwa nusu alama, ukagoma kula siku nzima, ukamwambia Mama hakupendi. Mimi nilikuwa mlangoni. Hakukujibu siku ile. Jumamosi amenijibu mimi, wewe ukiwa na mvi kichwani. Alisema hivi: "Ningeyasahihisha mwenyewe ningewapa haki yenu, hilo sina wasiwasi nalo. Lakini darasa zima lingeziangalia alama zenu kwa jicho jingine. Ningewaibia ushindi wenu hata kama mmeshinda kweli." Halafu akaniambia nikaichape upya hati.

Nikaichapa upya, nikilia kama mjinga juu ya kibodi. "Namkumbuka." Nikaandika habari ya orodha, mstari wa arobaini na moja, yote. Wakili wetu alipoisoma aliegemea mkoba wake akafumba macho. Kisha akasema, "Kwa hati hii tunajifunga bao wenyewe." Lakini sitamsema vibaya, hakumwomba Mama abadilishe hata herufi. Akaipeleka masjala Jumatano asubuhi na mapema na nakala moja kwa jaji.

Saa tatu kamili jaji akaingia. Alikuwa na karatasi zilizochapwa kwenye mkono mmoja na hati ya Mama kwenye mkono mwingine. Akasema kwamba alikuwa amekwisha kuandika uamuzi wa kulikataa ombi. Alijipima, akaona anaweza kuamua kwa haki, na bado anaamini anaweza. Alidhani mwalimu wake hakumkumbuka, akadhani jambo lile amebaki nalo yeye peke yake, na asubuhi hii ndipo alipoelewa kosa lake: alikuwa anajiuliza kuhusu moyo wake, na hakuna aliyemuuliza kuhusu moyo wake. Swali ni kile ambacho mtu mwingine angekiona. Akasema, na sauti ilimpungua kidogo, kwamba lile jambo alipaswa kulitaja yeye siku ile ile, asisubiri litajwe na shahidi. Akampa pole Baba Mdogo kwa muda wake. Akajitoa.

Akakusanya karatasi zake, akasimama, nasi sote tukasimama, Mama kati yangu na wakili wetu. Alipopita usawa wa kizimba aliinama kidogo kwa mawakili wote, kushoto na kulia sawasawa, na hakumtazama Mama. Hakumwamkia. Mlango ulipofungwa nikamsikia Mama akisema taratibu, "Marahaba." Wakili wetu akadhani anaongea naye, akamuuliza anasemaje.

Nikiwa nimesimama kwenye korido namtafutia Mama maji ya kunywa, ndipo simu yako ilipoingia, maana wakili wetu alikuwa amekwisha kukutumia habari. Sasa unajua nilikuwa katika hali gani uliponiuliza kama nina akili timamu.

Subiri, bado. Alhamisi mchana alikuja mtu dukani. Nimeinama naweka karatasi kwenye mashine, nainuka, nakutana na Baba Mdogo. Miaka minne hajakanyaga hapa. Amezeeka, Kaka. Shati limemzidi shingo. Nikamwamkia, akaitika. Alikuwa amepanga foleni nyuma ya watu wawili kama mteja mwingine.

Akasema nimpelekee Mama ujumbe. Amekwisha kumwambia wakili wake kwamba jaji mpya atumie ushahidi wa Mama ule ule ulioandikwa, asiitwe tena kizimbani. Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia: "Shemeji alikuwa na nafasi ya kuniongopea, na uongo ungemsaidia. Hakuniongopea. Sitamsimamisha tena." Nikataka kumshika mkono. Akauvuta, akasema, "Usinielewe vibaya. Kiwanja bado nakitaka." Kisha akatoa kitambulisho chake nimpigie kopi, eti mradi ameshapanga foleni. Nilipiga kopi huku machozi yananilenga, ikatoka imepinda, nikapiga nyingine.

Kwa hiyo hatukuishia pabaya kama ulivyopiga kelele, wala hatujashinda. Mama hatapanda tena. Lakini shahidi anayefuata, mbele ya jaji mpya, miezi miwili ijayo, ni wewe.

Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo, na mkono umekuwa mzito. Hati yako ya kiapo ninayo hapa. Niliichapa mimi, uliponisomea kwa simu mwezi uliopita. Aya ya tano inasema: "Kwamba siku hiyo nilikuwepo mezani, na nilimwona baba yangu mdogo akitia sahihi yake." Uliniambia, andika nilikuwepo, nani atabisha. Nikaandika. Nilijua, nikaandika. Ulikuwa bweni, Kaka. Muhula ulikuwa katikati. Wiki ile ile uliandika barua nyumbani kuomba sabuni na taulo, na barua hiyo Mama ameitunza, ina tarehe na mwandiko wako umelala vile vile alivyokuwa anausema Bwana Nusu.

Bila aya ya tano, linabaki neno la Mama dhidi ya neno la Baba Mdogo, na hiyo karatasi. Tunaweza kushindwa. Naogopa, nakuambia ukweli. Yapo masaa ninayotamani uiache aya ilivyo. Halafu namkumbuka yule mzee na kitambulisho chake mkononi. Anaweza kuikana sahihi mbele ya dunia nzima, lakini kama aliitia, anajua nani alikuwa mezani. Siku utakayoapa kwamba ulikuwepo, atajua kwamba nyumba hii nayo inaongopa, na neno la Mama litachafuka kwa mkono wako.

Msalimie sana wifi, mwambie ile picha ya mwisho aliyotuma Mama ameiweka juu ya redio. Wabusu watoto wote wawili, shangazi yao anawakumbuka. Msalimie na yule rafiki yako fundi saa aliyetubebea dawa, Mungu amzidishie. Mama anakusalimu na anakuombea urudi salama, na anasema ukija usilete shuka tena, zinatosha. Jirani yetu mshonaji naye ameniagiza salamu, anauliza umenenepa au bado.

Sasa fungua bahasha ndogo.

Hiyo ni hati yako, bado haina sahihi. Ijumaa nilimpa Mama aipitie, kwa kuwa hakuna karatasi inayotoka kwangu bila yeye kuipitia. Akavaa miwani, akachukua kalamu, akasoma mpaka aya ya tano. Nikasubiri azungushie. Hakuzungushia. Hakugusa hata mkato. Akaikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha, na kalamu ile nyekundu akaitia humo humo, akabandika gundi mwenyewe. Nikamuuliza, Mama, mbona huisahihishi?

"Ya watoto wangu sisahihishi," akasema. "Mpe kalamu."

Mungu akulinde, Kaka, na akupe mkono usiotetemeka.

Ni mdogo wako, anayekupenda hata ukimkatia simu,

Chiriku